Swali la Kumi na Moja

Stima imepotea Nyalenda tangu magharibi.
Nasahihisha kwa taa ya simu.
Swali la kumi na moja: Taja samaki wawili walio ndugu.
Mwongozo wasema: mbuta na kamongo.
Darasa zima limekubali,
ila Adero, binti wa muuza makaa:
"Kamongo ni ndugu yangu mimi
kuliko alivyo ndugu wa mbuta."

Nikamchorea yai. Jekundu, la duara.

Asubuhi akaja na karatasi. Hakulia.
"Mwalimu, ploti yetu ina vyumba kumi, bomba moja.
Mama Khayanga wa chumba cha tatu
anaanika nguo kwenye kamba yetu.
Ni shangazi yangu?"
Si shangazi yako.
"Na Odeny, mtoto wa amu, aliyezaliwa ng'ambo,
asiyejua Kijaluo, anayeogopa macho ya omena?"
Huyo ni damu yako.
"Basi ziwa ni ploti tu, Mwalimu.
Kupanga pamoja si kuzaliwa pamoja."

Nikamwambia arudi darasani.

Jioni nikapita Dunga. Kamongo alikuwa kwenye karai,
maji yakiwa haba, mdomo ukipanda juu
kunywa hewa,
hewa hii hii, yenye moshi na harufu ya mafuta ya kukaangia.
Muuzaji akampasua: mapafu mawili.
Akalivuta pezi, jembamba kama uzi wa kiatu,
na pale shinani, mfupa mmoja peke yake,
kama huu wa bega langu.

Mama yangu hakumla maisha yake yote.
"Huyo si samaki," alisema,
nami, niliyesoma, nikamcheka.

Darasani ipo chati: ngazi ndefu,
kuvu chini, konokono, samaki, chura,
na juu kabisa mtu, amevaa suruali.
Kana kwamba kamongo amekaa matopeni
akingoja zamu yake ya kuvaa.
Hangoji. Naye ametembea miaka ile ile,
tulipoachana kila mmoja akashika njia yake,
na hakuna aliyechelewa.

Wino mwekundu haufutiki.
Nikaliongezea yai jicho, mkia,
mapezi manne membamba,
na kando yake: mbili juu ya mbili.

Mwalimu mkuu ameiona. Anataka maelezo,
kwa maandishi, kabla ya Ijumaa.
Nimeanza: Mheshimiwa, kwanza,
niambie unaishi na nani.