Nikumbushe Baadaye

Saa kumi na mbili na robo asubuhi nabonyeza kitufe,
kisha naondoka, maana kukaa pale ni kujitesa.
Nateleka kahawa, naisubiri ipande povu,
nampigia dada yangu Vanadzor, tunasengenya majirani wawili,
siku nyingine watatu.
Nikirudi, kiduara bado kinazunguka
kama punda wa kinu asiyejua kinu kimeuzwa.

Ndiyo kompyuta ya ofisi ya mikate, hapa Gyumri,
mtaa wa nyuma ya stesheni.
Miaka kumi na miwili imehesabu magunia,
mikate ya harusi, mikate ya matanga,
deni la mkahawa wa Vardges ambalo halijalipwa hadi leo.
Siku hizi nikiandika "unga" inatokea "u",
naitazama theluji dirishani,
halafu "nga" inakuja kwa mkupuo, inahema.

Wanangu walisema: itupe.
Mwenye duka, Bwana Smbat, alisema: ipige kidogo ubavuni.
Nikaipiga. Ikazimia siku nzima.

Ndipo akaja Hrant, mtoto wa fundi viatu,
bisibisi mfukoni mwa shati, maneno machache.
Akakalia kiti changu, nikasimama nyuma yake
kama mwanafunzi aliyechelewa.
"Mama Arusyak, programu ishirini na tatu zinaamka pamoja nayo.
Hii ya nini?" Sijui. "Na hii?" Ya faksi.
"Faksi iko wapi?" Tulishaizika.
Akafuta. Akafuta. Akaifikia karata ya buibui,
nikamshika mkono: hiyo ni yangu.
"Kumbukumbu yake ni ndogo," akasema,
nami, sijui kwa nini, nikaona haya.

Akalaza kasha, akafungua skrubu nne.
Loo!
Feni ilikuwa mkate.
Unga wa miaka kumi na miwili, haba na haba,
ulishajaza kibaba humo ndani:
mweupe juu, kijivu katikati,
chini umeungua kidogo, kama ukoko.
Tukautazama kimya.
Kumbe ilikuwa ikivuta hewa hii hii yetu.
Daktari wa mapafu aliniambia maneno ya namna hiyo mwaka juzi.

Hrant akapiga brashi, akapuliza, akakohoa,
kisha akaanza habari ya mfumo mpya.
Huu wa zamani, alisema, wenyewe wameutelekeza:
hawauletei viraka tena, mlango hauna komeo,
mwizi yeyote mwenye subira ataingia.
Mpya upo, na ni mzuri, ila mashine hii haitaubeba
bila diski nyingine na kumbukumbu ya kuongeza;
na printa ya lebo (akaiangalia, akatikisa kichwa)
haijui lugha ya mfumo mpya, wala mkalimani hapatikani.

Nikapiga hesabu kwa penseli.
Diski, magunia mawili ya unga. Printa, magunia tisa.
Bwana Smbat akaisoma karatasi, akaigeuza
kana kwamba nyuma kuna bei nyingine.
"Diski," akasema. "Mengine, Mungu yupo."

Leo nimebonyeza kitufe, nimegeuka kwenda jikoni,
sijafika mlangoni, imeshaamka,
imekaa pale, mwanga usoni, kama mteja wa kwanza.
Kahawa sijateleka.
Dada hajui bado kuwa binti wa jirani amerudi na mabegi yote.
Pembeni mwa skrini kisanduku kimechomoza:
mfumo wako umepitwa na wakati.
Boresha sasa.
Nikumbushe baadaye.

Mkono uko juu ya kipanya.
Nje, gari la mikate linawashwa, linakataa,
linawashwa, linakataa, linakubali.
Naufikiria mlango usio na komeo.
Nazifikiria lebo mia nne za kesho.
Nabonyeza la pili,
nainuka,
nampigia dada.