Kadi ya Kumi na Saba

Tartu, Februari. Theluji imeziba madirisha.
Salme Raudsik yu macho, fuvu limetobolewa;
mikono iliyofuma shali miaka yote
inatapatapa juu ya shuka.
Mimi kazi yangu kadi tu: naonyesha, anataja.

Daktari akagusa kushoto, ndani kabisa,
penye kijibonge kama yai la kware.
Nikainua kadi ya kumi na saba, ufunguo.
"Ni kile… cha… mlango unakijua."
Kidole chake kikazungusha hewa,
kikafungua. Neno halikufunguka.
Umeme ukakatwa. "Ufunguo! Jamani,
ulikuwa hapa hapa, ncha ya ulimi."

Tukahamia kulia.
Maneno yakamiminika: kijiko, mbuzi, ngazi,
hata jina la mbwa wa jirani, ambalo sikuuliza.
Nikatoa picha aliyonikabidhi asubuhi
ikiwa imefungwa kwenye leso.
"Mwanamume," akasema. "Masharubu. Baiskeli."
Hakukosea hata kimoja.
"Ni nani?"
"Simjui. Ana uso mwema."

Miaka thelathini na tisa, kitanda kimoja.
Daktari akaandika namba,
akasogeza waya upana wa unywele,
na mikono ikatulia juu ya shuka,
mizito, kama ya mtu mwingine.

Salme akaitazama mikono kwanza.
Kisha picha.
"Heino," akasema, "mbona wamekuleta huku kwenye baridi?"
Na mimi, niliyedhani kulia ni upande tu,
nikazipanga kadi upya, moja hadi arobaini,
polepole, nimeinamisha kichwa.