Kumbukumbu za Vikao

Mimi ndiye niliyeandika vikao vya madiwani, Moshi,
miaka ishirini, kalamu ya bluu.
"Mheshimiwa Makyao alisimama, akauliza."
Hivyo tu. Daftari halina nafasi ya kikohozi,
wala ya vumbi la kahawa ukosini,
maana alitoka kwenye mizani ya ushirika
akaja barazani bila kupita nyumbani.

Alishinda kwa kura kumi na moja.
Wakasema: kumi na moja ni ukoo wake.
Akasema: ukoo wangu haukunipa hata tano,
nawajua.

Mwaka wa kwanza hakutia neno.
Wa pili akaomba dirisha lifunguliwe.
Wa tatu akaanza na ushuru wa ndizi:
kina mama wanaoshuka Mbuyuni alfajiri
wanatozwa kwa mkungu, mnene kwa mwembamba,
bado kidogo watozwe kivuli chake.
Mwenyekiti akaguna. Hoja ikalala.
Akaiamsha. Ikalala.
Nikawa naandika "kama kikao kilichopita."
Mara ya tisa ilipita,
kwa kuwa wawili walikuwa wametoka kunywa chai.

Bahasha sikuiandika.
Niliiona ikisukumwa chini ya meza,
nikaona mkono wake ukisita
(ukisita, nasema; sisemi haukugusa)
kisha ukairudisha.
Akanitazama. Nikajifanya nafuta kalamu.

Kivuko cha mto Karanga hakukijenga.
Alikiahidi mara nne, kwa sauti ileile,
na mto ukachukua mbuzi, ukachukua pikipiki,
masika moja ukamchukua mtoto wa Ndealilia.
Alikwenda matangani siku zote, akasimama uani.
Hakupewa kiti. Hakuomba.

Uchaguzi wa tano walimkataa,
na si kwa kura kumi na moja.
Kesho yake alichuma jani la isale
mpakani mwa kihamba, akalifunga fundo,
akashuka nalo hadi kwa Ndealilia.
Nilikuwa nimempelekea barua ya mafao, nikamfuata.
"Nikiwa diwani," alisema njiani,
"ningeonekana natafuta kura."

Ndealilia alilipokea. Isale halikataliwi.
Akaliweka dirishani, karibu na kibatari,
akaendelea kuchambua maharage.
Kiti hakutoa.

Tulirudi kimya, maji yakinguruma kushoto.
Barua ya mafao ilikuwa bado mfukoni mwangu.
Nilimpa kesho yake.