B au Nane

Umeme ulirudi saa nane usiku kwa pupa,
kama mgeni aliyechelewa anayepiga mlango teke,
na bodi ya kiangulio ikasema "tap",
neno moja tu, kisha harufu.
Mayai mia mbili sitini na manne, siku ya kumi na nne,
na huku Molo ukungu umelalia mabati.

Nikafungua kisanduku kwa kisu cha kumenyea viazi,
maana bisibisi Gathogo aliiazima tangu Pasaka.
Kapasita imevimba kichwa kama uyoga,
rilei imeungua, na ubaoni kovu la rangi ya chai.
Nyuma yake nambari, nusu imeliwa na kutu:
HT, moja, saba, halafu... B? Au nane?
Nikaipangusa kwa leso. Nikaipangusa kwa mate.
B. Nane. B.
Kumekucha sijui.

Nikamwachia Chepng'eno blanketi nne,
chupa kumi za maji moto, na kipimajoto.
"Usiyafunike pumzi," nikamwambia. "Nayo yanavuta hewa."
Bodi nikaitia kwenye mfuko wa unga,
nikashuka Nakuru nayo kifuani
kama mtu anayepeleka maiti ndogo ikatambuliwe.

Duka la kwanza: hawajawahi kuiona.
La pili: waagize, wiki tatu.
Wiki tatu! Yai halijui kalenda ya meli.
La tatu, kijana mwenye kucha safi
akatoa bodi mpya, kijani kibichi, inanukia kiwanda.
"Hii inaingia, mama."
Kweli, matundu ya skrubu yalilingana.
Lakini ufunguo wa jirani pia huingia kwenye kufuli langu,
ukagoma kuzunguka.
Nikauliza, inakula volti ngapi?
Akaigeuza, akaigeuza tena.
"Inaingia," akasema.

Simu ikalia. "Mama, thelathini na tano na nusu."
Badilisha chupa.
"Nimebadilisha. Na nimeyageuza, alama zote ziko chini."
Ana miaka kumi na mmoja. Shule sikuitaja,
naye hakuikumbusha.

Bondeni, nyuma ya wauza vyuma, nikampata Okemwa
amekaa katikati ya redio zilizokufa.
Nambari hakuitaka.
"Herufi ziache kwanza. Feni yako ya volti ngapi?
Waya wa kupima joto una ncha mbili au tatu?
Hita inawashwa na rilei hii, au ile?"
Akafuata njia za shaba kwa ncha ya sindano,
polepole, kama mtu anayetafuta chawa kichwani kwa mwana,
nami nikajibu nilichojua,
na nisichojua akakisoma mwenyewe ubaoni.

Kisha akainuka, akavuta gunia,
akatoa kiangulio cha shule moja ya Rongai,
kimebondeka ubavu, kimekaliwa na panya,
na ndani yake bodi, ndugu wa tumbo moja na yangu.
Nambari yake safi.
Si B.
Si nane.
Ilikuwa tatu.
Kutu ndiyo iliyoiziba upande wa kushoto.

Elfu mbili mia tatu. Nikalipa kwa simu,
nikabaki na nauli na aibu kidogo
kwa usiku mzima wa kubishana na uchafu.

Saa moja jioni taa nyekundu iliwaka.
Thelathini na sita. Thelathini na saba.
Nukta saba, ikatulia, feni ikaanza kunung'unika
ule mnung'uniko wake wa zamani,
na Chepng'eno akalala palepale sakafuni,
chupa moja ya maji, sasa baridi, mkononi.

Yaliyoanguliwa: mia moja thelathini na tisa.
Mengine tuliyafukia nyuma ya banda,
akihesabu kwa sauti, sikumkataza.

Siku ya ishirini na mbili Gathogo alileta bisibisi.
Akasimama mlangoni, akasikia ile kelele yote ya manjano,
akauliza kama tuliihitaji.