Herufi Mbili

Bwana mpelelezi, kabla hujagonga muhuri
nipe faili hilo nilisome kwa sauti.
Ofisi yako baridi; bomba la kupashia joto linakohoa tu.
Nje, theluji ya Bălți imekwisha kuwa tope,
na mtoto yuko kwenye benchi la korido
anabangua mbegu za alizeti,
maganda anayatia mfukoni
asije akachafua sakafu yako.
Umemwona? Sakafu yako.

Umeandika: Anghelina, miaka kumi na mitano,
mzaliwa wa kijiji karibu na Soroca,
alikuwa akijiuza katika nyumba ya kupanga.

Akijiuza.

Niazime kalamu.
Mimi si wakili. Shule niliishia darasa la nane,
yaliyobaki nilifunzwa na milango inayofungwa kwa nje.
Ila sarufi hii moja naijua, niliilipia:
lugha yetu ina kijineno cha herufi mbili,
kidogo kama chawa kwenye mshono.
Kikomeke kwenye kitenzi, mtendwa anageuka mtenda.
Kinaingia faili bila hodi,
na yule aliyeuza anatokea mlango wa nyuma
hana jina, hana kitenzi, hana hata kivuli.

Kifute. Andika: akiuzwa.
Sasa sentensi inakuuliza yenyewe: na nani?
Naam. Ndilo swali ulilokuwa ukilikwepa.

Usiniambie alikubali. Alikubali koti.
Alikubali simu iliyopasuka kioo pembeni
na kiti cha dirishani katika basi dogo, usiku kucha.
Kupokea koti mwezi wa Januari
si kutia saini.

Usiniambie hakulia.
Mimi nami sikulia, mbele ya meza kama hii,
na aliyeshika kalamu akaandika: mtulivu.
Miaka kumi na tisa nalitembelea neno hilo
kama kokoto kiatuni.
Watu huona nachechemea. Kokoto hawaioni.

Juzi nilikuwa kwa walimu, leo kwako,
Alhamisi niko kwa madereva wa mabasi ya mpakani;
nawaambia: tazameni nani kashika pasipoti ya nani.
Chai wananipa. Mmoja, mwenye kofia ya manyoya,
aliniuliza kama sioni haya kuyasema haya.
Nikamjibu: haya ninayo, ila si yangu,
nazunguka nayo
namtafuta mwenyewe nimrudishie.

Wala usinisifu ushujaa.
Kuna siku siamki. Kuna siku naosha kikombe kimoja
mpaka maji yapoe na jirani agonge ukuta.
Kesho yake navaa viatu.

Unasema fomu imeshaingia kwenye kompyuta.
Basi itoe.
Unasema mpaka mkubwa wako arudi kutoka chakulani.
Basi arudi.
Nina kiti, nina mkate nusu ndani ya mkoba,
kungoja nilifundishwa na watu wabaya kuliko wewe,

na mtoto, nimetazama,
bado ana mfuko mzima wa mbegu.