Vunja Mguu

Darasa la jioni, Newala,
chumba cha nyuma, duka la salfa ya mikorosho.
Tunapiga chafya kwanza, ndipo tunasoma Kiingereza.

Mwalimu Nampoto anaandika ubaoni:
“Leo niko chini ya hali ya hewa.”
Maana yake mwili hauna raha.
Tukacheka. Ukungu wa Juni ukitua juu ya mabati,
nani hapa hayuko chini yake?
“Ila hospitali msiitumie,” akasema.
“Daktari anataka kujua panapouma.”

Kumwaga maharage, kwao, ni kutoboa siri.
Likwata, karani wa mizani, akanyoosha mkono:
“Kwetu ukimwaga unga, kazi huna.”
“Basi kayamwage maharage ya ghalani,
uone kama unga utabaki.”

Kuipiga ndoo teke ni kufa,
lakini kufa kwa mzaha.
Msibani usithubutu.

Daftari likajaa, nikalibeba kazini.
Mnunuzi kutoka ng'ambo akauliza, kupakia tani kumi je?
Nikamjibu kwa madaha: kipande cha keki!
Akageuka huku na huku, akiitafuta.
Kumbe naye Kiingereza
kakikuta ukubwani, kama mimi.
Tukahesabu magunia kwa vidole.

Kisha nikaitwa Mtwara mjini,
usaili, kampuni ya gesi, Jumanne saa nne.
Mwalimu akanitumia ujumbe: Vunja mguu.
Nikamsomea mama kwa sauti. Kosa langu.

Mama alikuwa anabangua,
vidole vyeusi kwa mafuta ya maganda.
Akainuka, korosho zikatawanyika sakafuni.
“Nani huyo anayekuapiza mwanangu?”

Nikaeleza, nikajikwaa, nikaeleza tena:
ni heri, mama, wameigeuza ndani nje,
ili nuksi ikisikia ipite.

Kimya.
Akaokota korosho, moja, nyingine.
“Kumbe na wao wanajua,” akasema.
“Ulipozaliwa, mnono, macho kama taa,
Somoe wa jirani alichungulia, akasonya:
Kitoto kibaya hiki!
Nikamkaribisha chai.”

Basi huondoka saa kumi na moja alfajiri.
Mama kanisindikiza mpaka stendi,
kitenge mabegani, tochi ya simu mkononi.
Akanimulika shati, akashuka hadi viatu,
viatu vya kuazima, vimepigwa rangi jana.

“Umevaa ovyo,” akasema.
“Hawatakuchukua.
Haya, nenda. Kaivunje yote miwili.”