Fulana

Langoni, kwa Shekuwe mshona kanzu,
nimepeleka fulana ya marehemu baba:
kwapa zimetoboka, shingo imelegea.
"Hii haishoneki," asema, "ila ina asili."

Neno hili, asema, lilishuka pwani limevaa sufu.
Kwao, ambako pumzi hufuka moshi,
lilikuwa kitambaa kizito
cha kufunga vifua vya wakohozi.
Kufika Amu likavuliwa, likavishwa pamba,
likakatwa mikono,
likatiwa chini ya kanzu linywe jasho.
Siku hizi hubeba uso wa mgombea
na bado twaliita vile vile.

"Na *fulani*, ni nduguye?"
Akacheka, uzi mdomoni.
"Hao wamefanana sura tu.
Hawakunyonya ziwa moja."

Nikarudi nayo.
Mama, aliyemwita baba *fulani*
miaka thelathini na sita
kwa haya ya kumtaja,
aliishika, akainusa pale palipotoboka,
akasema, "Bwanaheri."

Mara moja tu.
Kisha akaagiza sindano.